Fimbo ya kuvulia isiyofumuka: mwongozo kamili, kutoka mwanzi mbichi mpaka mkononi mwa mteja

Mezani kwangu hapa Bukavu kuna fimbo tatu zilizoletwa na watu wanaojifunza kuzitengeneza. Ya kwanza, uzi umefumuka kwenye pete ya juu. Ya pili, epoksi bado inanata vidoleni, na hii ni wiki ya tatu. Ya tatu ni ya mwanzi uliochaguliwa vizuri sana, ila umepasuka kutoka kifundo hadi kifundo siku ya pili ziwani. Makosa haya matatu nayaona kila mara, na hakuna hata moja linalotokana na mkono mbaya. Yanatokana na haraka, na kukadiria kwa macho kitu kinachotaka kupimwa.

Fimbo tutakayotengeneza ni ya mita 2.1, yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi kinachoning'inia chini ya mpini. Inamfaa mtu anayevua tilapia wa Ziwa Kivu akiwa juu ya mawe au ufukweni, na kambale wa wastani itamtoa. Sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, siwazungumzii hapa: hao wana taa zao na nyavu zao za usiku.

Neno "ufito" nitalitumia kwa mti mtupu, kabla haujavalishwa kitu. Ukishavalishwa mpini na pete, ndipo nitauita fimbo.

## Vifaa: kusanya vyote kabla hujaanza

Epoksi ikishachanganywa haikusubiri utafute brashi. Ndiyo maana orodha inatangulia.

- Mianzi mitatu, ingawa unahitaji mmoja. Miwili itakukosea njiani.
- Pete saba za kupitishia mshipi na pete moja ya ncha. Pete za fimbo zilizovunjika zinafaa, mradi hazina ufa.
- Kiti cha kigurudumu chenye skrubu ya kukaza.
- Kandambili mbili au tatu kuukuu zenye sponji ngumu, kwa ajili ya mpini.
- Uzi wa nailoni au poliesta wa fundi cherehani, mwembamba. Uzi wa pamba usitumie: hunywa maji na kuoza.
- Epoksi ya sehemu mbili inayokauka taratibu, na gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa moto.
- Mabomba mawili ya sindano ya dawa, bila sindano zake, vijiti vya kukorogea, brashi laini na karatasi ya alumini.
- Msasa wa namba 80, 120, 240 na 400, wembe mpya, msumeno wa meno madogo, tupa ndogo na utepe wa gundi wa karatasi.
- Spiriti ya kusafishia, kitambaa kisichotoa manyoya, glovu na kitambaa cha kufunika pua.
- Mbabula (jiko la makaa) na makaa, ndoo ya maji, kamba, rula na chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Kama una ufito wa nyuzi za kioo au wa kaboni uliotoka kwenye fimbo iliyovunjika, ruka moja kwa moja hadi hatua ya nne. Ila vaa kitambaa cha pua unapoukata na kuupiga msasa, na fanya kazi hiyo ukiwa umeulowesha maji. Vumbi lake ni vipande vidogo sana vya kioo au kaboni, na si rahisi kwa mapafu kuvitoa.

## Hatua ya 1: Chagua mwanzi

Tafuta mwanzi uliopandwa kandokando ya mashamba au vijito, na ununue kwa mwenyewe. Mianzi ya milima iliyo ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega usiiguse. Mahali pale ni hifadhi ya taifa tangu 1970 na urithi wa dunia tangu 1980, na kukata humo ni kosa hata kama ni fimbo moja tu.

Mwanzi unaofaa una miaka mitatu au zaidi. Utaujua kwa rangi: ule mchanga una kijani kibichi na unga mweupe kwenye vifundo, ule uliokomaa umefifia na una madoa ya ukungu mkavu. Ugonge kwa kucha. Mchanga hutoa sauti nzito ya kitu chenye maji, uliokomaa hulia kama gogo kavu.

Kitako kiwe na unene wa kidole gumba, kama sentimita mbili na nusu, na ncha isizidi milimita sita. Vifundo viwe vya karibukaribu. Mwanzi wenye pingili ndefu unapendeza kwa macho lakini hujikunja vibaya, kwa sababu kifundo ndicho kinachouzuia usibonyee.

Kata wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Msimu wa mvua mwanzi umejaa maji na wanga, na wanga huo ndio chakula cha wadudu watoboaji. Ukiona unga mwembamba kama wa sembe chini ya fimbo uliyoihifadhi, jua wameshaingia.

## Hatua ya 2: Kausha, na usidanganye siku

Hapa ndipo ile fimbo ya tatu ilipokufa. Mwenyewe aliuanika mwanzi juani kwa siku nne, akaona umegeuka njano, akaridhika. Rangi ya nje haisemi lolote kuhusu maji ya ndani. Jua kali hukausha ganda upesi kuliko nyama ya ndani, ganda linasinyaa, ndani kunakataa, na mwanzi unapasuka. Usipopasuka siku hiyo, utapasuka samaki akivuta.

Ondoa matawi kwa wembe, ukate juu kidogo ya ngozi, usichimbe kifundo. Funga kamba kwenye ncha na uutundike mwanzi darini au chini ya paa, kivulini, mahali penye upepo, kitako kikiwa chini na kimefungiwa jiwe la kilo moja. Jiwe linaunyoosha wakati unakauka.

Uache miezi miwili hadi mitatu. Kwa hali yetu ya hewa, kwenye mwinuko wa mita 1,460 na zaidi, na mvua kuanzia Septemba hadi Mei, mimi hupendelea miezi mitatu.

Umefanikiwa ukiona: uzito umeacha kupungua. Upime mwanzi kwenye mizani ya duka wiki hii, upime tena baada ya wiki mbili. Namba zikilingana, umekauka. Hakuna kipimo kingine ninachokiamini.

## Hatua ya 3: Nyoosha kwa moto

Washa mbabula nje. Subiri makaa yawe mekundu bila moshi wala ndimi za moto. Kazi hii usiifanye ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua inyeshe: hewa ya makaa haina harufu ya kukuonya, na imeua watu wakiwa usingizini.

Shika mwanzi sentimita kumi na tano juu ya makaa, ukiuzungusha bila kusimama. Anza na kitako, malizia na ncha, kwa sababu ncha huungua haraka na mkono wako utakuwa umeshazoea. Baada ya dakika moja au mbili utaona ngozi inatoa jasho, matone ya nta yanayong'aa. Hayo ndiyo maelezo yote unayoyahitaji: mwanzi umelegea. Upanguse kwa kitambaa, ukunje pale penye kombo polepole, kupita kiasi kidogo, ushike hivyo hivyo, kisha ufute kwa kitambaa chenye maji ili ugande.

Kombo nyingi ziko kwenye vifundo. Shughulikia kifundo kimoja kimoja. Ukisikia mlio wa "tak" hata kama huoni ufa, weka mwanzi huo pembeni na uchukue wa pili. Ndiyo maana nilisema mitatu.

Ukimaliza, piga msasa wa 240 kwa wepesi kuondoa nta. Usiendelee mpaka nyuzi za ndani zionekane, kwa kuwa nguvu ya mwanzi iko kwenye ganda la nje.

## Hatua ya 4: Tafuta mgongo wa ufito

Kila ufito una upande unaopenda kujikunjia, na huo ndio ninaouita mgongo. Simamisha kitako kwenye sakafu laini, weka ncha juu ya kiganja, kisha tumia mkono wa pili kusukuma katikati polepole huku ukiuacha ufito uzunguke wenyewe. Utahisi unaruka na kutulia upande mmoja. Rudia mara tatu. Ukitulia palepale, weka alama kwa penseli.

Kwa mwanzi kuna jambo la pili la kutazama: kombo ndogo iliyobaki. Weka jicho kwenye kitako, utazame kuelekea ncha kama unavyokagua ubao. Panga ufito ili ncha ielekee juu kidogo, pete zikiwa chini. Uzito wa pete na mshipi utaishusha ncha na fimbo itaonekana imenyooka. Mgongo na kombo vikigombana, mimi huchagua unyoofu. Fimbo inayopinda kando humchosha mvuvi kila anaporusha.

Kata kitako ili upate mita 2.1. Tumia msumeno wa meno madogo, na funga utepe wa karatasi pale utakapokata ili nyuzi zisichanike.

Watu wengi huniuliza kuhusu fimbo ya vipande viwili, kwa sababu fimbo ndefu haikai vizuri juu ya moto, namaanisha pikipiki, kutoka Kadutu kushuka ziwani. Inawezekana kwa bomba la shaba la sentimita nane, nusu ikiwa imegundishwa kwenye kipande cha chini. Lakini kila mdomo wa bomba ni mahali pa kupasukia, kwa hiyo lazima uufunge uzi sentimita mbili pande zote. Tengeneza kwanza fimbo mbili za kipande kimoja, kisha urudi hapa.

## Hatua ya 5: Mpini na kiti cha kigurudumu

Kata kandambili vipande vya mviringo, kama sarafu kubwa. Toboa katikati tundu dogo kuliko ufito kwa milimita moja au mbili, sponji ing'ang'anie yenyewe. Vipitishe kutoka upande wa ncha mpaka chini, ukipaka epoksi kati ya kimoja na kingine. Kiti kikae sentimita 25 hadi 30 kutoka kitako.

Kiti cha kigurudumu karibu kila mara huwa na tundu pana kuliko ufito. Usijaze pengo lote kwa utepe wa karatasi. Zungusha pete tatu za utepe, kila moja na upana wa sentimita moja, uache nafasi ya nusu sentimita kati yake. Epoksi itakaa kwenye nafasi hizo na kushika ufito na kiti pamoja. Fimbo niliyouza mara ya kwanza nilijaza utepe mtupu. Baada ya mwezi kiti kilianza kuzunguka mkononi mwa mteja samaki akiwa bado majini, na nilimrudishia pesa yake yote.

Kabla epoksi haijakaza, hakikisha kiti kinatazama alama yako ya penseli. Acha saa 24. Kisha piga mpini msasa, 80, halafu 120, halafu 240, mpaka ujae kiganjani bila kubana.

## Hatua ya 6: Panga pete

Kagua kila pete kwanza. Pitisha kipande kidogo cha pamba ndani ya duara lake na ukizungushe. Pamba ikinasa unyuzi, pana ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo utakata mshipi siku samaki mkubwa anapokuja. Itupe.

Miguu ya pete huja na kingo nene. Isugue kwa tupa mpaka iishe kama ncha ya kisu butu, kisha lainisha kwa msasa wa 400. Sababu ni hii: uzi unapopanda juu ya mguu mnene huacha shimo pembeni, epoksi inaweka povu hapo, maji yanaingia, na kufumuka kunaanzia hapo hapo.

Weka pete ya ncha kwa gundi ya kijiti, si kwa epoksi. Ncha ndiyo huvunjika kwanza, na gundi hii ukiipasha moto kidogo inaachia.

Pete nyingine zipange kwa umbali huu, ukihesabu kutoka ncha: sentimita 10, 22, 35, 50, 68, 90 na 115. Kubwa kabisa iwe karibu na kigurudumu, ndogo kabisa karibu na ncha. Zishike kwa vipande vyembamba vya utepe, usifunge bado.

Sasa jaribio ambalo watu hulikwepa. Pitisha mshipi kwenye pete zote, funga chupa ya lita moja na nusu yenye maji nusu, kisha inua fimbo ukutani mpaka ikunjike vizuri. Mtu wa pili atazame kutoka ubavuni. Mshipi ufuate mkunjo wa fimbo kwa hatua ndogondogo. Ukiona kati ya pete mbili mshipi umenyooka kama kamba ya upinde na kuuacha ufito mbali, sogeza pete hizo zikaribiane. Mianzi haifanani, kwa hiyo namba zangu ni mahali pa kuanzia, na chupa ndiyo inayoamua.

## Hatua ya 7: Funga uzi

Chukua boksi la katoni, kata herufi V kila upande, laza ufito humo. Pitisha uzi katikati ya kitabu kizito kabla haujafika kwenye ufito, na juu ya kitabu weka jiwe. Mkazo utakuwa sawa kuanzia mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, bila wewe kuvuta.

Anza milimita tatu kabla ya mguu wa pete. Zungusha uzi mara moja, uuvushe juu ya mwanzo wake ili ujibane, kisha endelea mizunguko mitano juu ya mkia huo. Kata mkia kwa wembe. Sasa unazungusha ufito, si uzi. Kidole gumba cha kushoto kinazungusha, ukucha wa kulia unasukuma kila mzunguko uguse ule uliopita. Ukisikia ukucha unateleza bila kukwama, uko sawa. Ukikwama, mizunguko miwili imepandana: rudi nyuma sasa hivi, kwa sababu epoksi haifichi, inakuza kama kioo cha miwani.

Ikibaki mizunguko minane, laza juu ya ufito kitanzi cha uzi mwingine, kichwa chake kikielekea unakokwenda. Funga mizunguko hiyo minane juu ya kitanzi. Shikilia kwa kidole gumba, kata uzi, pitisha ncha yake ndani ya kichwa cha kitanzi, kisha uvute kitanzi kitoke upande wa pili pamoja na ncha hiyo. Uzi sasa umejifungia chini ya uzi. Kata kinachobaki.

Yule aliyeleta fimbo iliyofumuka alimalizia kwa fundo la kawaida na tone la gundi ya papo kwa papo. Fundo huacha kinundu, na gundi hiyo ikilowa na kukunjwa kila siku huvunjika kama sukari.

Umefanikiwa ukiona: uzi umekaza lakini pete bado inasogea kidogo ukiisukuma kwa nguvu ya kidole. Tazama kutoka kitako, nyoosha pete zote ziwe mstari mmoja. Ikikataa kabisa kusogea, umekaza mno, na kwa ufito wa kaboni mkazo huo unaweza kuuponda ukuta wake. Mwisho, sugua kila kifungo kwa kitu laini cha mviringo, kama mgongo wa kijiko, kuziba mianya.

## Hatua ya 8: Epoksi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya maswali ninayopata yanahusu epoksi inayonata.

Epoksi haikauki kama rangi. Haikaushwi na jua wala upepo. Sehemu mbili zinashikana, chembe kwa chembe, na moja ikizidi basi iliyozidi haipati mwenzake na inabaki nata milele. Kwa hiyo "nimeongeza kigumu (sehemu inayoikaza) kidogo ili iwahi" ndiyo njia ya uhakika ya kuiharibu. Soma kipimo kwenye chupa. Zile za fimbo kwa kawaida ni kiasi sawa cha kila sehemu, kwa ujazo.

Tumia mabomba mawili ya sindano, moja la kila sehemu, uyatie alama za rangi mbili na usiyabadilishe kamwe. Chagua yasiyo na mpira mweusi ukiyapata. Mpira hupakwa mafuta ya silikoni, na mafuta hayo huifanya epoksi ikimbie na kuacha mashimo kama macho ya samaki. Chota mililita tatu na tatu. Chini ya hapo, kosa la tone moja linakuwa kubwa.

Baridi nayo inachangia. Jioni ya mvua hapa Bukavu epoksi inakuwa nzito kama asali, haichanganyiki vizuri na inafuga mapovu. Kabla ya kuchota, weka chupa zikiwa zimefungwa ndani ya maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, uzipanguse kabisa. Fanya kazi saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana, siku isiyo na mvua. Unyevu ukizidi, juu hutokea utando wa ukungu unaoteleza.

Vaa glovu. Ngozi inaweza kuizoea epoksi kwa miaka kisha siku moja ikaikataa, na ikishaikataa hairudi nyuma.

Futa vifungo kwa kitambaa chenye spiriti, acha vikauke, usiviguse tena. Koroga dakika nne ukitazama saa, polepole, ukikwangua kuta na chini. Mimina mara moja juu ya karatasi ya alumini iliyo bapa: ikibaki kwenye kikombe joto lake linaikaza upesi, ikitandazwa inakupa muda na mapovu yanatoka. Paka kwa brashi laini huku ufito ukizunguka, ukivuka uzi kwa milimita mbili kila upande. Tabaka liwe jembamba. Mawili membamba yanashinda moja nene.

Kisha zungusha. Usipozungusha, epoksi itashuka na kuganda kama tumbo. Mota ya sahani ya mikrowevu iliyokufa ni nzuri, inazunguka taratibu, lakini inatumia umeme wa ukutani, kwa hiyo nyaya zake zifungwe na mtu anayejua. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, kaa chini uzungushe kwa mkono: nusu mzunguko kila dakika mbili kwa saa ya kwanza, kila dakika tano kwa saa mbili zinazofuata. Mimi huandaa kiti na chai kabla ya kuchanganya.

Povu likitokea, pulizia pumzi ya mdomo wako kwa mrija, au pitisha mwali wa kiberiti cha gesi chini yake kwa nukta moja tu. Ukizidisha, utachemsha.

Tabaka la pili lipake baada ya saa 6 kupita, lakini kabla ya saa 24 kutimia. Ukichelewa, piga kwanza msasa wa 400. Hapo katikati ndipo unapoandika jina la mteja kwa wino mweupe, lifunikwe na tabaka la juu.

Ikinata baada ya saa 48: kama ni unato mdogo, changanya epoksi mpya kwa kipimo sahihi na upake juu, itaifunga. Kama inachafua kidole, kata uzi wote na urudi hatua ya 7.

Umefanikiwa ukiona: ukucha hauachi alama, na taa ya chumba inaonekana kwenye kifungo kama mstari mmoja ulionyooka.

## Hatua ya 9: Jaribu kabla ya mtu mwingine

Subiri siku saba. Funga chupa yenye nusu lita, inua. Ongeza maji hadi lita moja, inua. Usizidi lita moja na nusu kwa mwanzi wa ukubwa huu. Sikiliza zaidi kuliko unavyotazama, kisha kagua kila kifungo: mstari mweupe kwenye ukingo wa mguu wa pete unamaanisha epoksi imeachia hapo.

Nenda ziwani uvue nayo asubuhi mbili. Usiende karibu na mabwawa ya umeme ya Ruzizi, maji yake huvuta. Na ngurumo zikianza, laza fimbo chini uondoke, hasa ikiwa ya kaboni, kwa sababu kaboni hupitisha umeme. Milima ya Kabare hapo juu yetu iko miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani.

## Kuifanya biashara

Anza na matengenezo. Watu wenye fimbo za dukani zilizokatika ncha au kung'oka pete ni wengi kuliko wanaotaka fimbo mpya, na kazi hiyo ni hatua ya 6 hadi ya 8 peke yake. Utajifunza uzi na epoksi kwenye fimbo kumi huku ukilipwa.

Ukipata oda, uliza na uandike daftarini: anavua wapi, juu ya mawe, ufukweni au mtumbwini? Samaki gani? Mkono wake una urefu gani, kutoka kwapa hadi kifundo cha mkono? Anasafiri kwa chombo gani? Anayekaa mtumbwini hahitaji mita 2.1, atagonga wenzake. Mpini wake uwe mfupi, usimnase kwenye koti la kuelea.

Bei usiitoe kichwani. Tuseme vifaa vimekula dola 14, na mkono wako umefanya saa tisa kwa dola moja na nusu kila saa, yaani 13.5. Jumla 27.5. Ongeza sehemu ya kumi kwa mianzi iliyopasuka, glovu na makaa, inafika 30.25. Faida unaiweka juu ya hapo. Wengi huhesabu vifaa tu, wanauza kwa 18, wanadhani wamepata 4, kumbe wamefanya kazi saa tisa karibu bure. Hesabu kwa dola, kisha ubadilishe kwa franga siku ya kulipwa.

Kusubiri epoksi hakuhesabiwi kama kazi, kwa hiyo tengeneza fimbo tatu kwa pamoja: mchanganyiko mmoja wa epoksi, mzunguko mmoja.

Chukua arbuni, au avansi kama tunavyosema hapa, ya kutosha kulipia vifaa vyote. Usiahidi tarehe kabla hujawa na mwanzi mkavu uliotundikwa. Mimi huwa na mianzi ya misimu miwili darini, imeandikwa mwezi iliyokatwa, na mteja akiwa na haraka namwonyesha iliyopo achague mwenyewe.

Siku ya kukabidhi, mpe mteja chupa aijaze na ainue fimbo yake kwa mkono wake, mbele yako. Mwonyeshe mstari mweupe wa kuangalia, mwambie asiiegemeze ukutani usiku, aitundike. Kisha mwombe airudishe baada ya mwezi mmoja, uikague bila malipo. Kwenye fimbo zangu, dosari nyingi hutokea ndani ya mwezi huo, na karibu zote ni mguu wa pete ya pili kutoka ncha.